Altaneta Ndani ya Ganda la Dainamo: Swali la Ukweli Katika Magari ya Kale ya Nyeri

Swali la kama kitu ni kile kinachoonekana kuwa limezoeleka kujadiliwa kwa mifano ya mbali, ya merikebu za Wayunani na sanamu za Warumi, ilhali katika miji inayouzunguka Mlima Kenya, kuanzia Karatina na Nyeri hadi Naro Moru, Nanyuki, Meru na Embu, swali hilohilo limelala chini ya boneti za Land Rover na Peugeot za zamani. Magari mengi ya aina hiyo yaliyoundwa katika miaka ya 1950 na 1960 yalitegemea dainamo kwa umeme wake. Wenye magari wa leo wanataka yachaji kama gari la leo na yaonekane kama gari la wakati ule. Na ufundi wa kuwapa yote mawili kwa mkupuo mmoja upo, kwani altaneta ya kisasa huweza kufichwa ndani ya ganda lenye umbo la dainamo, ikafungwa mahali palepale na kuzungushwa na mkanda uleule, bila mtazamaji kutambua lolote. Hapo ndipo maswali mawili yanapozuka ambayo spana haiwezi kuyajibu. La kwanza ni kama gari hilo bado ni lilelile. La pili, ambalo ndilo zito zaidi, ni kama mtu aliyelitazama bila kuambiwa amedanganywa.

Hapana budi kueleza kwanza kazi ya mitambo hiyo miwili, kwa kuwa hoja yote imejengwa juu yake. Dainamo huzungushwa na mkanda wa feni, na ndani yake koili za shaba huzunguka katikati ya sumaku zilizotulia. Umeme unaozaliwa katika koili hizo hutolewa nje kupitia komyuteta, yaani pete ya shaba iliyokatwa vipande vipande, inayosuguliwa na kaboni zinazobeba mzigo wote wa umeme. Kwa kuwa kaboni na komyuteta hulana, na kwa kuwa koili nzito zinazozunguka hazihimili kasi kubwa mno, dainamo haiwezi kuzungushwa kwa kasi ya kutosha kuchaji wakati injini inaunguruma polepole gari likiwa limesimama. Dainamo ya Lucas C40, iliyofungwa katika Land Rover za Series II na katika magari mengi mengine ya Kiingereza ya enzi hiyo, ilitoa ampea 22 hivi ilipokuwa katika hali yake bora. Kando yake hukaa sanduku dogo jeusi ambalo mafundi huliita katauti, lenye koili na visahani vya kugusana, ambalo hudhibiti volti zisipande kupita kiasi na kuzuia umeme wa betri usirudi katika dainamo injini inapopungua kasi.

Altaneta imeupindua mpango huo. Kinachozunguka ndani yake ni sumaku inayolishwa ampea chache tu kupitia kaboni zake, na umeme mwingi huzaliwa katika koili zilizotulia pembeni, kisha hupitishwa katika daiodi, yaani vipande vya silikoni vinavyouruhusu umeme upite upande mmoja pekee, hata ukafaa kuingia katika betri. Kwa sababu kaboni zake hazibebi mzigo mkubwa, altaneta huvumilia kasi kubwa zaidi, na kwa hiyo huchaji hata gari likiwa limesimama. Land Rover za Series III, zilizotoka mwaka 1971, zilikuja nayo kutoka kiwandani, na Lucas 18ACR ilitoa zaidi ya ampea 40, karibu maradufu ya dainamo iliyotangulia.

Tofauti hiyo si ya vitabuni tu kwa mtu wa Nyeri. Mji huo uko juu ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na Nanyuki inakaribia mita 2,000. Kati ya Juni na Agosti ukungu hushuka asubuhi na baridi huipunguzia betri nguvu zake kabla swichi haijaguswa. Taa mbili kubwa za halojeni za wati 60 kila moja hunywa ampea 10 kwa volti 12, na ukijumlisha taa za nyuma, waipa, koili inayowasha plagi na feni ya kupasha joto, hesabu hupita ampea 20 kwa urahisi. Maana yake ni kwamba dainamo iliyo nzima kabisa hutumikia mahitaji ya safari bila kuacha akiba, na gari likikwama katika msongamano wa magari karibu na soko la Karatina, taa nyekundu ya dashibodi huwaka na betri huanza kuliwa. Gari lililosifiwa kwa uimara wake huishia kusukumwa. Watu wa eneo hili wanaujua uimara huo kwa ushahidi wa hadharani: Peugeot 404 ilishinda mbio za Safari katika miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968, na katika mashindano ya 1963 ni magari 7 tu yaliyofika mwisho kati ya 84 yaliyoanza. Ni vigumu kumlaumu mwenye 404 anayetaka sura ileile ibaki barabarani na si katika banda.

Kazi ya kuficha inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu maswali ya falsafa yamo katika maelezo yake madogo. Ganda jipya hutengenezwa kwa urefu na kipenyo cha C40, likapakwa rangi nyeusi na kufungwa kwenye mabano ya zamani. Kisha fundi hufungua kofia ya sanduku la katauti, hutoa koili na visahani vyote, huuunganisha waya mnene wa kahawia wenye mstari wa njano, uliokuwa ukitoka kwenye dainamo, na waya wa kahawia unaokwenda kwenye betri, halafu huirudisha kofia yenye jina la Lucas mahali pake. Kuanzia hapo katauti ni sanduku tupu linalofunika maungio ya nyaya. Fundi makini huongeza waya mnene wa pili kutoka altaneta hadi betri, kwa kuwa nyaya za asili zilipimwa kwa ampea 22 na si 45, na waya uliozidiwa huyeyusha ngozi yake na huweza kuwasha moto. Asiye makini huacha nyaya zilezile ili sura isiharibike, na hapo tamaa ya sura huwa imekwisha kugeuka hatari.

Kuna badiliko jingine ambalo jicho haliwezi kuliona kabisa. Magari mengi ya Kiingereza yaliyoundwa kabla ya miaka ya mwisho ya 1960 yaliunganishwa nguzo chanya ya betri kwenye bodi, ilhali altaneta za kisasa, isipokuwa chache zilizotengenezwa makusudi, hutaka nguzo hasi ndiyo iwe kwenye bodi. Dainamo haijali sana jambo hili, kwa kuwa huweza kugeuzwa kwa kugusisha kwa muda mfupi waya wa sumaku zake kwenye betri. Daiodi za altaneta, kwa upande wake, hufa papo hapo betri ikifungwa kinyume. Kwa hiyo gari linalofichiwa altaneta hugeuzwa pia nguzo za betri, na ile sura ya kale inayomwambia kila fundi mzoefu kwamba hapa chanya iko kwenye bodi huwa sasa inasema jambo lisilo kweli.

Sasa yaweza kuulizwa swali la kwanza. Plutarch, mwandishi wa Kiyunani wa karne ya kwanza na mwanzo wa karne ya pili, alieleza jinsi Waathene walivyoihifadhi merikebu ya shujaa Theseus kwa kutoa mbao zilizooza na kutia nyingine, hata wanafalsafa wakagawanyika, wengine wakisema ni ileile na wengine wakikana. Thomas Hobbes, katika kitabu alichokitoa mwaka 1655, aliliongezea tatizo hilo uzito kwa kuuliza itakuwaje iwapo mtu ataziokota zile mbao za zamani na kuziunda upya kwa mpangilio uleule. Mfano huo hutajwa kila panapozungumzwa magari ya kale, na pengine hutajwa kupita kiasi, kwa sababu hauligusi jambo lililofanyika hapa. Waathene walibadilisha ubao kwa ubao wa aina ileile na kazi ileile. Anayeficha altaneta hubadilisha namna ya kufanya kazi na kuacha umbo la nje.

Anayefaa zaidi kusikilizwa ni Aristotle, ambaye alitofautisha mata, yaani kile ambacho kitu kimeundwa nacho, na umbo, na pia kusudi ambalo kitu kipo kwa ajili yake. Wengi hudhani kwamba kwa umbo alimaanisha sura ya nje, lakini sivyo: umbo kwake ni mpangilio wa ndani unaokiwezesha kitu kufanya kazi yake, na ndiyo maana alisema kwamba mkono wa jiwe, au mkono wa maiti, ni mkono kwa jina tu. Kwa kipimo hicho, sanduku la katauti lililotolewa koili zake ni katauti kwa jina tu, hata likiwa na kofia yake ya asili na skrubu zake zote. Altaneta iliyo ndani ya ganda la C40, kwa upande mwingine, si dainamo kwa mpangilio wake, lakini inatimiza kusudi ambalo dainamo ilifungwa kwa ajili yake, tena inalitimiza vizuri zaidi. Gari kwa jumla hubaki gari lilelile, kwa maana injini, fremu, gia na kusudi lake la kubeba watu na mizigo katika milima havikuguswa. Kilichobadilika ni kiungo kimoja, na kiungo hakiwezi kulinyima gari zima utambulisho wake. Swali la kwanza, basi, halina uzito linalopewa.

Nyeri yenyewe ina mfano unaothibitisha hilo na kuelekeza kwenye swali la pili. Treetops ilijengwa mwaka 1932 juu ya mti wa mugumo katika msitu wa Aberdare na Eric Sherbrooke Walker, aliyekuwa pia mwenye Hoteli ya Outspan. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952 Binti Mfalme Elizabeth alilala humo, na usiku huohuo baba yake, George VI, alifariki dunia. Mwaka 1954 nyumba hiyo iliteketezwa kwa moto na wapiganaji wa Mau Mau, na mwaka 1957 ikajengwa nyingine kubwa zaidi juu ya nguzo, ng'ambo ya dimbwi. Kwa miongo kadhaa baada ya hapo wageni walikuja kulala mahali ambapo binti mfalme alipata kuwa malkia, ingawa mti haukuwa ule wala vyumba havikuwa vile. Hata hivyo si rahisi kusema kwamba walidanganywa, kwa kuwa habari ya moto ilisimuliwa waziwazi pamoja na habari ya malkia, na kwa wengi, hasa wenyeji waliokuwa na ndugu zao msituni, moto ndio uliokuwa sehemu muhimu zaidi ya historia ya mahali hapo.

Jambo la namna hiyo limo pia katika desturi ya Wagikuyu ya kumpa mwana wa kwanza jina la babu mzaa baba, na binti wa kwanza jina la nyanya mzaa baba. Babu hurudi katika jina, na mtoto huweza hata kuitwa baba na baba yake mzazi kwa heshima ya jina hilo. Lakini hakuna asiyejua kwamba mwili ni mwingine, kwa sababu kanuni yenyewe inajulikana na wote. Mwendelezo unaosimama juu ya ujuzi wa wote hauhitaji kuombewa radhi.

Altaneta iliyofichwa haina ujuzi wa wote. Imefichwa ili isijulikane, na ndiyo sababu swali la udanganyifu haliwezi kukwepwa. Augustine wa Hippo, aliyeandika juu ya uongo mwishoni mwa karne ya nne, aliuweka uongo katika nia: mwongo ni yule anayesema kinyume cha kilicho moyoni mwake akikusudia kumpotosha mwingine. Ganda la chuma halisemi neno, na nia ya mwenye gari mara nyingi ni kuufurahia uzuri aliourithi kwa mzee wake, si kumpotosha mtu. Wala onyo la Yesu kuhusu makaburi yaliyopakwa chokaa, lililo katika sura ya 23 ya Injili ya Mathayo na linalojulikana sana katika nchi hii ya misheni za Consolata na Tumutumu, haliingii hapa moja kwa moja, kwa kuwa makaburi hayo yalikuwa mazuri nje na maovu ndani, ilhali gari hili ni la kale nje na bora zaidi ndani. Ni udanganyifu wa ajabu ule unaompa mdanganywa kitu kizuri kuliko alichodhani.

Lakini utetezi huo unamhusu mtazamaji peke yake, na mtazamaji hana haki kubwa. Anayesimama kando ya barabara ya Nanyuki akaisifu Land Rover inayopita hapotezi kitu ikiwa C40 aliyodhani ameiona si C40. Hakuuliza, hakulipa, na hakutegemea jibu. Hali ni nyingine kwa mnunuzi, kwa mwamuzi na kwa fundi. Thomas Aquinas, katika karne ya 13, alipochunguza dhambi za biashara, alifundisha kwamba muuzaji analazimika kuifichua kasoro iliyofichika iwapo inaweza kumletea mnunuzi hasara au hatari, na kwamba halazimiki hivyo kwa kasoro iliyo wazi. Sheria ya Kiislamu ina neno ghushi kwa kosa hilo, yaani kuchanganya au kuficha hali ya bidhaa, na Hadithi inasimulia kwamba Mtume alitia mkono ndani ya lundo la nafaka sokoni, akakuta umajimaji chini ya nafaka kavu, akamkemea muuzaji kwa kutouweka juu watu wauone. Mapokeo hayo mawili yanakubaliana katika jambo ambalo wajadili wa magari ya kale mara nyingi hulisahau: hakuna aliyeuliza kama kilichofichwa ni bora au duni kwa jumla. Kilichoulizwa ni kama mwingine anategemea sura katika kuamua.

Mwamuzi anaitegemea. Katika mashindano ya Africa Concours d'Elegance, ambayo klabu ya wenye Alfa Romeo imeyaandaa Nairobi tangu mwaka 1970, na katika maonyesho yoyote madogo ya namna hiyo, alama inayotolewa kwa uasili ni alama inayonyimwa mshindani aliyehifadhi dainamo halisi na kuvumilia taabu zake. Kunyamaza hapo ni kumwibia mtu fulani. Lakini anayeitegemea sura zaidi kuliko wote ni fundi, na madai ya fundi ndiyo yanayopaswa kuwekwa mbele, ingawa yeye hana tuzo wala mkataba wa mauzo. Gari likizimika usiku kati ya Sagana na Karatina, fundi aliyeitwa na jirani huja na tochi, huona ganda jeusi la dainamo na sanduku la katauti, na mikono yake hufanya yale iliyojifunza kwa miaka mingi: hufunga betri chanya kwenye bodi. Daiodi huungua papo hapo, na kama hakuna fyuzi nene karibu na betri, nyaya hufuata. Hapo sura imemwambia uongo mtu aliyekuja kusaidia, na lawama, kama ilivyo desturi, itamwangukia yeye.

Wanaohifadhi majengo walilifikia jambo hili kabla ya wenye magari. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, unaohusu urekebishaji wa minara ya kumbukumbu na majengo ya kale, unataka sehemu inayojazia pengo ipatane na jengo zima, lakini wakati huohuo iweze kutambulika kuwa si ya asili. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lilifuata njia hiyo katika Mkataba wake wa Turin, unaotaka mabadiliko ya kisasa yasiharibu sura wala muundo wa asili, yaweze kuondolewa, na sehemu zilizotolewa zitunzwe pamoja na gari. Kupatana na kutambulika vinaonekana kama vinapingana, lakini havipingani mtu akikumbuka kwamba vinawahusu watu tofauti: sura ipatane kwa ajili ya anayetazama kutoka mbali, na ukweli utambulike kwa anayekaribia kugusa.

Wapo watakaosema kwamba haja yote hii ni ya wenye fedha, na kwamba mkulima wa Mukurweini aliyeifunga altaneta ya Toyota waziwazi kwenye Land Rover yake, kwa bano la chuma lililochomelewa na fundi wa jua kali, amelimaliza swali bila kulifikiria. Hoja hiyo ni ya haki kuliko wanavyokubali wapenzi wa magari ya kale. Gari lake halimdanganyi mtu, na kila fundi hujua kwa kutupa jicho mara moja kilichomo. Hata hivyo uzuri wa kitu kilichoundwa vizuri una madai yake nao, na mtu aliyeirithi 404 ya baba yake si mwenye majivuno kwa kutaka kuifungua boneti na kuona alichokiona akiwa mtoto. Kosa halimo katika kutaka hivyo, bali katika kudhani kwamba kinachompendeza yeye kinamfunga kila mwingine anyamaze.

Mwenye gari anayeamua kuficha na afiche, mradi waya wa kuchaji uwe mnene wa kutosha na fyuzi iwe karibu na betri. Ndani ya kofia ya katauti, mahali ambapo fundi yeyote atafungua kwanza, na pia kando ya betri, paandikwe kwa wino usiofutika: altaneta, ampea zake, hasi kwenye bodi, mwaka wa kubadilishwa. Dainamo ya asili, koili za katauti na mchoro wa nyaya viwekwe pamoja na gari, na mnunuzi avione kabla ya bei kutajwa. Asiyetaka kuandika maneno hayo machache afunge altaneta ya Toyota waziwazi, au abaki na dainamo yake na abadilishe kaboni kwa wakati.